Gitaa la Besi la Watu Wawili

Nimo katika kundi moja la WhatsApp la wapiga besi wa ridhaa. Wengi ni vijana wa kwaya, wachache hupiga kwenye sherehe, na karibu wote wana kazi nyingine ya kuwalisha: mmoja ni bodaboda, mmoja anafundisha hesabu, mmoja ana duka la dawa za mifugo. Tangu asubuhi hadi jioni wanabishana kuhusu nyuzi, kama zile nene zinafaa kanisani, kama spika ya inchi kumi na mbili inatosha, kama ni dhambi kumnunulia mtu gitaa la mtumba bila kulipiga kwanza. Mimi ni mstaafu, nasoma zaidi kuliko ninavyoandika. Mwezi uliopita kijana mmoja aliuliza: "Wakuu, vidole vinaniuma mno. Sugu inachukua muda gani kuota?" Nilikuwa nimeanza kumjibu kwamba avumilie, na kwamba sugu ikishaota hatasikia chochote, ndipo simu ikaita. Alikuwa Zuhura, mke wa rafiki yangu Idi, kutoka Tabora. "Shemeji," alisema, "Idi ametutoka alfajiri." Nilizungumza naye dakika chache. Nilipourudia ule ujumbe wangu niliusoma tena, nikaufuta, na yule kijana hadi leo sijamjibu.

Nilifika Tabora siku ya tatu, watu wakiwa wamekwisha kuzika. Nilikaa kwenye mkeka barazani na wazee wengine, nikasikiliza khitma, nikala pilau. Wengi walimkumbuka Idi kama fundi viatu. Wawili watatu walimkumbuka kama mpiga besi, na mmoja akatikisa kichwa akasema, "Yule bwana alikuwa na mkono," kisha akaendelea na chai yake. Nilitaka kumuuliza mkono gani, nikaona si mahali pake. Ni karibu miaka arobaini sasa tangu nilipopiga naye. Katika miaka hiyo nimekaa miji mingine minne na kupiga na watu wengi, lakini nikitafuta ni wapi nilijijua mimi ni mtu wa namna gani, narudi kwenye mwaka ule mmoja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa ghala la mbao. Chumba changu kilikuwa Ipuli: kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na msumari mkubwa ukutani ambao siku tano kwa wiki ulibeba gitaa la besi lisilokuwa langu. Lilikuwa la Idi. Alilinunua kwa mwanamuziki mmoja aliyepita akielekea Kigoma, ambaye alikuwa ameokoka na hakutaka tena kuligusa. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka mahali mkono wa kulia unapolala, shingo ilikuwa imepinda kidogo, na uzi mwembamba kuliko wote ulikataa kushika sauti zaidi ya nyimbo mbili. Tabora nzima, kadiri tulivyojua, gitaa la besi lililokuwa mikononi mwa watu wa kawaida lilikuwa hilo tu. Idi alikuwa amenizidi miaka minane hivi, nami nilimwita Kaka Idi. Alikuwa mtu wa mji hasa, wa zile nyumba za Waislamu ambao wamekuwa mafundi na wachuuzi tangu enzi za misafara, na banda lake la viatu lilikuwa karibu na soko. Nilimfuata hapo nikiwa na kiatu kilichoachama. Alipoona namtazama zaidi gitaa lililokuwa nyuma yake kuliko kiatu changu, aliuliza, "Unapiga?" Nikasema napenda. "Kupenda si kupiga," akasema, na kunipa gitaa nilishike wakati anashona.

Tulipatana hivi: Jumatano na Jumamosi, siku za mazoezi, gitaa lilikuwa lake, siku za katikati nilikwenda nalo Ipuli kujifunza. Kwenye sherehe mimi nilipiga saa ya kwanza, wakati watu bado wanatafuta viti, kisha Idi akachukua. Bendi ilikuwa ya watu saba, na kiongozi wetu alikuwa Bwana Sefu, fundi cherehani aliyepiga solo, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi yakasimama yenyewe. Tulifanyia mazoezi katika stoo nyuma ya mashine ya kusaga. Ilitubidi kusubiri mashine izimwe saa kumi, kwa sababu ikiwaka umeme ulipungua na besi ikageuka kuwa mtu anayeguna usingizini. Unga ulikuwa kila mahali. Uliingia kwenye ngoma, kwenye kope za macho, na hasa kwenye amplifaya, ambayo ukigusa kitufe cha sauti ilikwaruza kama kuku. Tuliipeleka kwa Bwana Harilal, Mhindi mwenye duka la redio, ambaye alikuwa akizitengeneza mwenyewe kwenye meza ndogo chini ya picha za miungu yake. Alifungua kifuniko, akapuliza, kikatimka kiwingu cheupe. Akatutazama juu ya miwani. "Mmeniletea amplifaya," akauliza, "au mmeniletea sembe?" Kisha akaisafisha kwa brashi ya kuchorea, akachomelea nyaya mbili upya, na kutuambia tuifunike kwa kanga kila siku. Idi aliomba kanga kwa Zuhura. Zuhura alimwambia kwamba hata yeye hana kanga ya kila siku.

Boksi la spika nilitengeneza mimi. Ghalani kulikuwa na vipande vya mninga vilivyokataliwa kwa sababu ya nyufa, na msimamizi aliniruhusu nivichukue. Idi alileta gundi ya viatu. Hatukujua chochote kuhusu maboksi ya spika. Tulijua tu kwamba mninga ni mti mzuri. Lilipokamilika lilikuwa zuri kama kabati la bibi harusi, na zito hata likahitaji wanaume wanne. Lakini siku tulipoliwasha, besi ilitoka humo ikapita sakafuni na kupanda kwenye miguu, na mwenye mashine ya kusaga alikuja mbio akidhani ukanda wa mashine umekatika. Bwana Sefu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, "Sasa tuna bendi." Nililala nikiwa na maneno hayo.

Nyuzi mpya hazikupatikana, kwa hiyo tulichemsha zile zile. Kila baada ya miezi miwili tulizitoa zote nne, tukazikunja, tukazitia kwenye maji yanayochemka pamoja na sabuni kidogo ya unga. Jasho na uchafu viliachia, na kwa majuma mawili zililia kama mpya. Tulifanya hivyo nyumbani kwa Idi, kwa kuwa mimi sikuwa na sufuria ya kutosha. "Hiyo sufuria ni ya maharage," Zuhura alisema mara ya kwanza. "Tutaiosha, mama," Idi akajibu. "Mtaiosha, kisha mimi nitapika, kisha wewe mwenyewe utasema leo maharage yana ladha ya msumari." Tulikaa uani kusubiri maji yapoe, tukila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na maji yaligeuka rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Ndipo nilipoona kitu cha kwanza. Maji yakiwa bado ya moto, Idi alipeleka mkono wa kushoto, akashika sufuria ukingoni bila kitambaa, akaimwaga taratibu hadi mwisho. Zuhura alipiga kelele. Idi alitazama vidole vyake viwili vya mwisho, kile cha pete na kile kidogo, kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Sugu," alisema. "Mpiga besi hana ngozi, ana soli." Tukacheka. Kesho yake kulikuwa na malengelenge mawili makubwa, naye akayafunga kwa kipande cha ngozi laini kutoka bandani kwake.

Kitu cha pili nilikiona Kwihara. Tulialikwa kwenye arusi ya mwenye mashamba ya karanga, arusi ya mchana, na jenereta lililotoka mjini. Nilipiga saa yangu ya kwanza. Idi alichukua gitaa, nami nikasimama karibu na boksi, nikiutazama mkono wake kama nilivyozoea, kwa kuwa nilijifunza zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Uzi mnene ulikuwa umefumuka kidogo, ule waya mwembamba unaouzunguka umetokeza ncha kama mwiba. Kila mara kidole chake kidogo kilipopita hapo, kilichanika. Baada ya nyimbo mbili shingo ya gitaa ilikuwa nyekundu na damu ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono. Idi alikuwa akitabasamu na bibi harusi. Alipopumzika nilimwonyesha. Akatazama muda mrefu, kisha akafuta kwa leso, akasema tena lile neno, sugu, lakini safari hii hakucheka, nami sikucheka. Alipokunja mkono wa shati ili anawe ile damu, niliona juu ya kiwiko baka lililopauka, kubwa kama kiganja cha mtoto.

Nilijua ni nini. Kwenye zahanati tulikokuwa tukitibiwa wafanyakazi wa ghala kulikuwa na bango lenye michoro: mgongo wenye mabaka, mkono wenye vidole vilivyojikunja, na maneno makubwa kwamba ukoma unatibika. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikisubiri dawa ya kikohozi. Jumatatu nilikwenda tena nikidai naumwa kichwa, nikalisoma upya, neno kwa neno. Lilisema mgonjwa aletwe mapema. Lilisema hivyo kwa herufi nyekundu. Nilirudi chumbani, nikateremsha gitaa kutoka kwenye msumari, nikalifuta lote kwa spiriti, shingo, nyuzi, hata mkanda, nikafuta tena hadi ile rangi nyekundu ikafifia. Kisha nikanawa mikono na kufanya mazoezi saa mbili, kwa kuwa sikukuu ya Iddi, ile ya kuchinja, ilikuwa imebaki majuma matatu na tulikuwa tumealikwa kupiga dansi la mchana kwenye ukumbi mkubwa.

Nataka niandike hili sawasawa, bila kujipunguzia na bila kujiongezea. Ningeweza kwenda bandani kwa Idi siku hiyo hiyo. Ni mwendo wa robo saa. Ningeweza kumwambia Zuhura, ambaye tayari alikuwa na wasiwasi. Nilikwenda kwa Bwana Sefu. Alikuwa anashona kola. Nilimwambia niliyoyaona Kwihara, na baka, na sufuria, na bango. Nilisema pia kwamba, kama itabidi, mimi nazijua nyimbo zote. Alisimamisha mguu kwenye cherehani. "Umemwambia mwenyewe?" aliuliza. "Bado." "Basi usimwambie. Niachie mimi." Nilipotoka nilijisikia mwepesi, na wepesi huo niliupa jina la kusaidia.

Jumatano iliyofuata tulifanya mazoezi kama kawaida, na Idi alipiga. Baada ya mazoezi tulikuwa na desturi ya kula pamoja. Mke wa mwenye mashine alituletea ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, kwenye sinia moja, nasi saba tukalizunguka tukiwa tumekaa juu ya magunia. Siku hiyo sinia lilikuja, na juu yake kulikuwa na sahani moja ya bati, na ugali wake, na mboga yake pembeni. Bwana Sefu aliichukua akaiweka mbele ya Idi. Mpiga dramu alijifanya anatafuta fimbo zake. Idi aliitazama ile sahani, akatutazama mmoja mmoja, na macho yake hayakukaa kwangu zaidi kuliko kwa mwingine. "Sefu," alisema, "kuna nini?" Bwana Sefu alisema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Pumzika kwanza, ndugu yangu. Uangalie huo mkono. Maganga atashika Iddi." Maganga ni mimi. Idi akasema bismillahi, akala. Alikula chote, taratibu. Kisha akaenda bombani, akaiosha ile sahani yeye mwenyewe, akairudisha, akavaa viatu na kwenda zake. Gitaa alikuwa ameliegemeza kwenye boksi la mninga.

Alitoweka mjini baada ya siku nne. Banda lilifungwa. Tulisikia kwamba amepanda treni kwenda hospitali moja ya misheni upande wa mashariki, na wengine waliongeza mengine, kwamba amepelekwa kambi ya wakoma na hatarudi. Zuhura alipita sokoni akisalimiwa kwa mbali. Mimi nilipiga dansi la Iddi. Ukumbi ulijaa, akina mama walivaa vitenge vipya, watoto walipenyeza vichwa madirishani, na kuanzia saa tisa hadi jua linakaribia kuzama sikumpa mtu yeyote lile gitaa. Ningependa kuandika kwamba vidole viliniganda kwa aibu. Havikuganda. Nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga, na nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, vipande vipande, na kwanza ilikuja kama kero ya vyombo: kitufe kilianza tena kukwaruza, uzi mwembamba ukakatika, shingo ikazidi kupinda, na kila kilichoharibika niligeuka kumuuliza mtu ambaye hakuwepo.

Alirudi baada ya miezi mitatu, mwanzoni mwa msimu wa maembe. Nilipata habari ghalani asubuhi, na jioni nikalichukua gitaa nikaenda kwake. Zuhura alinifungulia. "Shikamoo, shemeji," nilisema, ingawa tulikuwa karibu rika moja na sikuwahi kumwamkia hivyo. Alinitazama kidogo. "Pita," akasema, "yuko uani." Idi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto umo kwenye beseni la maji, kando yake kichupa cha mafuta. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umekuwa mweusi zaidi. Alinipa mkono wa kulia, uliokuwa mkavu. Niliupokea, lakini kabla ya kuupokea kulikuwa na kitambo, kifupi sana, na wote wawili tulikiona.

"Wanasema umeshika Iddi vizuri," alisema.

"Nilijitahidi."

"Wanasema unakimbia kwenye nyimbo za taratibu."

"Inawezekana."

Alitoa mkono majini, akaanza kuupaka mafuta. Vile vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vya mtu anayeshika yai. Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yalivyotoka: kwamba mimi ndiye niliyekwenda kwa Sefu, kwamba nilikuwa nimesoma bango, kwamba nilitaka ile Iddi. Zuhura aliyekuwa akichambua mchele aliacha mikono juu ya ungo.

"Nilijua," Idi alisema. "Nani mwingine anatazama mkono wangu kama wewe? Wenzetu wale hawajui hata kwamba nina vidole." Aliendelea kupaka. "Daktari kule alisema mshipa umevimba hapa kiwikoni. Alisema ningekaa mwaka mmoja zaidi, mkono wote ungekwenda. Akaniuliza nani aliyegundua. Nikamwambia rafiki yangu. Hakuuliza aligundua kwa sababu gani, nami sikumwambia."

"Unanisamehe?" niliuliza.

"Mimi sijui," alisema, kwa sauti ile ile. "Ile sahani bado naiona. Vidonge nimebakiwa navyo vya mwaka mzima, kila mwezi nakwenda kuchukua, na tangu siku za kwanza siambukizi mtu, hilo waeleze wenzako kwa maneno yangu. Hayo mengine tutayaona. Lete gitaa."

Nilimpa. Aliliweka pajani, akakunja uso alipoona nilivyolififisha rangi, lakini hakuuliza. Alijaribu wimbo mmoja kwa vidole vyote, na vile viwili vikakosa nyuzi, vikagonga mbao. Akajaribu tena kwa viwili vizima tu, cha shahada na cha kati. Ilimbidi mkono uruke pale ambapo zamani ulinyoosha, na kila alipopeleka mkono alikuwa akiutazama, jambo ambalo mwenyewe alinikataza tangu siku ya kwanza. Alipiga nusu saa. Lilikuwa jambo baya kusikiliza, kisha likawa baya kidogo, kisha kwenye wimbo wa nne au wa tano kikatokea kitu ambacho sikuwahi kukisikia, besi yenye mapengo, iliyokuwa ikimsubiri msikilizaji ajaze mwenyewe. "Kumbe nilikuwa napiga maneno mengi," alisema.

Niliwaambia wenzangu, kwa maneno yake. Wawili hawakutaka arudi. Bwana Sefu alifikiri juma zima, akaja mwenyewe nyumbani kwa Idi akiwa amevaa shati lake bora, akala hapo chakula cha mchana alichopika Zuhura, na kutoka hapo jambo lilikwisha, au lilinyamaza. Mmoja wa wale wawili aliacha bendi. Mimi nilirudi kwenye saa yangu ya kwanza.

Safari yetu ya mwisho ya mwaka ilikuwa Kigwa, kwenye sherehe ya mavuno ya asali, tukasafiri kwa treni na boksi letu likalipiwa kama mzigo. Kabla ya kupanda jukwaani, ambalo lilikuwa matela ya trekta, Idi alinivuta pembeni. "Sikiliza, Maganga. Mimi nikijikata sitajua. Nikiungua sitajua. Daktari amesema kinachoharibu vidole si ugonjwa, ni vidonda asivyovijua mwenyewe. Nyumbani Zuhura ananitazamia, huku hayupo. Kwa hiyo simama pale ulipozoea kusimama, utazame kama ulivyozoea kutazama. Ila safari hii ukiona kitu, usiende kwa Sefu. Uniambie mimi."

Alipiga. Watu wa Kigwa walicheza vumbi likapanda, na mzee mmoja aliyekuwa karibu nami aliniuliza yule anayepiga kwa vidole viwili amejifunzia wapi. Sikumjibu, nilikuwa na kazi. Katikati ya wimbo wa tatu niliona wekundu kidogo kwenye kile kidole kidogo, mahali kilipokuwa kikijikwaruza kwenye ubao. Wimbo ulikuwa umefika pazuri, Bwana Sefu amefumba macho, uwanja mzima unaimba. Nilisubiri kidogo, kwa kuwa haikuwa rahisi. Kisha nikapanda juu ya matela mbele ya watu wote, nikainama kwenye sikio lake, nikamwambia, "Kaka Idi, unatoka damu." Akaacha kupiga. Akanipa mkono wa kushoto.